Kushusha Jengo

Asubuhi ya kwanza hakuna aliyeshika nyundo kubwa. Mzee alifika saa moja kasoro, akavua kandambili, akavaa buti zilizopauka, kisha akachukua nyundo ndogo ya kilo moja na kipande cha chaki akaingia ndani peke yake. Nilimwamkia mlangoni.

"Marahaba," alijibu bila kugeuka. "Kanyaga nilipokanyaga mimi."

Jengo lenyewe lilikuwa la sakafu tatu ukihesabu na ya chini: ofisi za zamani za halmashauri, katika mji wa pwani ambao sitautaja. Mzee aliomba asitajwe, na mji huu ni mdogo; ukitaja mtaa umeshamtaja yeye. Halmashauri ilihamia jengo jipya nje ya mji, na kiwanja kinangoja kitega uchumi, maduka chini na ofisi za kupangisha juu. Mkandarasi aliyeshinda zabuni alikuwa na malori na karatasi zote. Mtu wa kulishusha hilo jengo alimtafuta kwa simu, kama watu wanavyomtafuta mkunga.

Kushusha ndilo neno lao. Katika siku zote nilizokaa pale sikumsikia hata kibarua mmoja akisema wanabomoa. Bibi wa duka la mkabala alisema hivyo, diwani alisema hivyo, mimi pia nilikuwa nikisema hivyo hadi siku ya nne hivi, nilipojisikia nimebadilika.

Siku tatu nzima zilipita kwa kugonga. Mzee aligonga nguzo chini, katikati na juu. Aligonga boriti kwenye maungio yake, akagonga sakafu kwa kisigino cha nyundo huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango. Zege zima hulia kwa sauti kali, fupi, yenye mlio wa chuma. Lililoachana na nondo hulia bwo, sauti ya boga lililokauka. Palipolia bwo alichora mduara. Pengine alichora mshale, pengine msalaba. Mduara maana yake zege limeoza, mtu asisimame hapo. Mshale unaonyesha upande ambao nondo kubwa zimelala. Msalaba ni amri: hapa hakiguswi kitu hadi niseme mimi.

Ugonjwa wa jengo lile ndio ugonjwa wa majengo ya zege ya pwani yote. Hewa ya chumvi hupenya taratibu kwenye vitundu vya zege hadi ikafika kwenye nondo, na nondo ikishika kutu hunenepa, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Zege halina pa kwenda. Linapasuka kwa ndani na kubanduka kwa vipande, na kila kipande kinachoanguka hufungulia chumvi mlango mwingine. Chini ya dari ya ghorofa ya kwanza, upande wa baharini, nondo zilikuwa nje kabisa, nyekundu, zimepangana kama mbavu za punda mzee.

Mzee alikaa muda mrefu chini ya mbavu zile. Nilidhani anapima hatari, na pengine alikuwa akipima, lakini aliposema alisema jambo jingine. "Aliyefunga hizi alikuwa mtu makini. Angalia ringi zake." Ringi ni vile vipete vya chuma vinavyozunguka nondo ndani ya boriti. Katikati ya boriti zilipishana kwa kiganja kilichokunjuliwa, na kadiri boriti ilivyokaribia nguzo ndivyo zilivyosogeleana hadi upana wa vidole vinne. Karibu na nguzo ndipo boriti hutaka kukatika kwa mshazari, kwa hiyo pale ringi hubanwa. Fundi mvivu huzipanga sawasawa mwanzo hadi mwisho, maana zege likishamwagwa hakuna atakayeona. Huyu alijua kwamba ataonwa, au hakujali kama ataonwa. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini akapatikana wa kumsifu.

Kabla ya kitu chochote kuvunjwa walikwangua rangi juu ya mlango mkubwa, maana pale palikuwa na bodi ya mbao ya mninga iliyotakiwa kutolewa nzima. Chini ya maandishi ya Halmashauri ya Mji yalionekana ya Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, na chini ya hayo, kwa herufi zilizochongwa, Baraza la Mji. Msomaji aliyeishi miaka ile ataelewa bila kuelezwa. Mabaraza yalifutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972, halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za 1982 zikaurejesha mfumo mzima. Jengo halikuhama. Walihama wenye vyeo, na kila mara mpaka rangi akaitwa. Kwenye chumba cha chini lilibaki dirisha dogo la nondo ambako watu walipangwa foleni kulipa kodi ya maendeleo hadi ilipofutwa mwaka 2003, na mbele ya dirisha hilo sakafu ya saruji ilikuwa imelika kidogo, bonde lisilozidi unene wa sarafu, umbo la nyayo mbili.

Kazi ya mikono ilianza paani kwa kitu kisichopigwa nyundo kabisa. Ukumbi wa mikutano ulikuwa umeezekwa kwa mabati ya asbesto, na asbesto ukiivunja hutoa nyuzi zisizoonekana ambazo zikiingia mapafuni hazitoki, na miaka mingi baadaye huweza kuleta saratani. Mzee aliipanga kazi hiyo alfajiri, kabla kaskazi haijaamka. Vijana wanne walivaa maski za kweli, si vitambaa, na mabwelasuti yaliyofungwa vifundoni. Mmoja alinyunyiza maji ya sabuni kwa pampu ya kunyunyizia dawa za mikorosho. Mwingine alifungua misumari ya skrubu, na ile iliyoshikwa na kutu aliikata kichwa taratibu bila kuigonga. Bati lilishushwa zima, likapokewa kwa mikono miwili kama mtoto anayelala, likafungwa nailoni mara mbili na kubandikwa gundi. Hakuna aliyelivuta wala kulirusha. Saa tatu upepo ulipoanza kazi ilisimama, hata kama limebaki bati moja. Siku moja lilibaki kweli bati moja, na kijana akasema alimalizie tu. Mzee alimtazama. Likabaki hadi kesho yake.

Milango na fremu za mninga zilitoka baada ya hapo, kisha vioo vya dirisha, mabomba, waya. Ukuta wa ngazi ulijengwa kwa tofali za matundu, zile za kupitisha upepo ambazo kila ofisi ya miaka ya 1960 ilikuwa nazo, na kijana mmoja alipewa kazi ya kuzitoa. Hakupewa nyundo. Alipewa kipande cha msumeno wa chuma kilichofungwa kitambaa upande mmoja, akakata chokaa na saruji baina ya tofali na tofali kwa siku mbili. Alitoa zaidi ya mia mbili, akavunja tisa. Alizihesabu zile tisa kila jioni kana kwamba zitapungua.

Nilitarajia sasa wapande juu. Kila mtu anajua jengo hushushwa kuanzia paa, na mpita njia yeyote atakueleza hivyo. Mzee akawaita vijana wote chini, mbele ya mlango mkubwa, chini ya kibaraza.

Kibaraza hicho kilitoka ukutani mita mbili na kwenda mita sita, hakina nguzo hata moja. Magari ya viongozi yalisimama chini yake enzi hizo, nasi tuliosubiri vibali tulijikinga na mvua hapo. Unene wake ulikuwa sentimita ishirini ukutani, ukipungua hadi kumi kwenye ncha. Mzee alipiga hesabu kwa kijiti mchangani. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo huwa na uzito wa takriban tani mbili na nusu. Kibaraza kile, tani nne na ushei. Kinashikwa na nini?

Vijana walijibu kwamba kinashikwa na boriti. Akatikisa kichwa, akaweka mkono wake mbele, kiganja chini, kama mtu anayeombwa pete. "Nikiweka tofali hapa kwenye vidole, wapi panavutika?" Walipapasa mkono wake. Juu, kwenye mgongo wa kiganja na kiwiko.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alichora mishale siku tatu. Zege ni jabari likigandamizwa na ni dhaifu likivutwa. Nguvu zake za kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya zile za kugandamizwa. Ndiyo maana hutiwa nondo, na nondo huwekwa mahali panapovutika. Sakafu iliyolala juu ya boriti mbili hupinda tumbo, basi nondo zake ziko tumboni. Kibaraza kinachoning'inia huvutika mgongoni, basi nondo zake ziko mgongoni, zikiingia ndani ya jengo na kujifunga kwenye sakafu iliyo nyuma yake. Ukuta na nguzo za juu nazo zimekalia mzizi wake na kuukandamiza. Anza kushusha kutoka juu kama kila mtu anavyojua, na siku utakayoondoa ule uzito wa nyuma kibaraza kitainamisha kichwa chenyewe, bila kukuaga.

Kwa hiyo cha chini kilianza. Mirunda na jeki za chuma zilisimamishwa chini yake mistari mitatu, kila moja juu ya ubao mpana ili isizame ardhini, kila moja ikakazwa hadi ikalia kidogo, si zaidi, maana ukikaza mno unakisukuma kibaraza juu na kukipasua upande usioutaka. Mzee alizipita zote akizigonga kwa kucha. Kisha kazi ikaanza kwenye ncha, kwenda ndani, mstari kwa mstari wa nusu mita. Zege lilivunjwa, nondo zikaachwa. Asubuhi ya pili kijana mmoja mwenye nguvu, aliyechoka kuinama kwenye ncha, alihamia ukutani ambako ni rahisi kusimama, akainua nyundo. Mluzi ulipigwa. Sikuwahi kusikia mluzi mfupi vile. Kijana alishusha nyundo bila kuigusisha zege, akarudi kwenye ncha, na hakuna aliyelizungumza jambo hilo hadi wakati wa chai, na wakati wa chai pia halikuzungumzwa. Mzee alimmegea tu nusu ya chapati yake.

Siku tatu kwa mita mbili. Mwishoni zilibaki nondo peke yake, zimetoka ukutani kama vidole, zikakatwa kwa gesi moja baada ya nyingine. Mirunda ilibaki imesimama chini ya hewa.

Mtaani walianza kucheka. Walitaka kitu cha kupiga picha. Kijana wa bodaboda alinionyesha kwenye simu video ya Johannesburg, jengo la Bank of Lisbon, lililokuwa na ofisi za serikali ya jimbo la Gauteng, likaungua Septemba 2018 na kuua wazimamoto watatu, kisha likaangushwa kwa baruti Novemba 24, 2019. Mita 108 zilikaa chini kwa muda wa kuvuta pumzi chache, na wingu la vumbi likafunika mitaa. Sidharau kazi ile. Mtu aliyetoboa yale mashimo ya baruti, nguzo kwa nguzo, hadi kitu kikubwa kiasi kile kikaanguka miguuni pake chenyewe, ni ndugu yake Mzee kwa ufundi. Ila sisi upande wa kushoto tulikuwa na ukuta wa msikiti mita tatu tu kutoka nguzo ya kona, na upande wa kulia fundi cherehani na mabinti zake wawili. Katapila nalo lilikataliwa. Njia ni nyembamba, na Mzee anasema katapila halina masikio.

Sakafu ya juu ndiyo iliyochukua muda mrefu na ndiyo ninayoiona hadi leo nikifumba macho.

Kwanza mirunda ikasimamishwa chini yake, na chini ya sakafu iliyofuata pia, mruko kwa mruko, mguu juu ya mguu, ili uzito ushuke moja kwa moja hadi ardhini. Kijana mmoja alinung'unika kwamba ghorofa moja ingetosha. Mzee alimuuliza kama alikuwapo Dar es Salaam Ijumaa Kuu ya 2013, siku lilipoporomoka ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Hakuwapo, alikuwa mtoto. "Na Kariakoo juzi, Novemba 2024?" Kijana alichukua mrunda.

Hesabu ya Mzee ya sakafu ni ya magunia. Sakafu ya sentimita kumi na mbili, kila mita ya mraba ina uzito wa karibu gunia tatu za mahindi. Chumba cha mita nne kwa tano, gunia sitini: tani sita kasoro kidogo, mzigo wa Fuso, umelala hewani. Na ofisi za namna ile zilipigiwa hesabu zibebe kama kilo 250 za watu, meza na makabati kwa kila mita ya mraba. Kifusi kikirundikana hadi magotini kimekwisha kupita kiwango hicho mara mbili na zaidi. Kwa hiyo amri ya pale ilikuwa ya mwili: kifusi kisipite kifundo cha mguu. Kikifika kifundoni nyundo hulala chini, masepeto huamka, na kifusi husukumwa kwenye tundu lililotobolewa katikati, kikateremka ndani ya mfereji wa mabati hadi chini, ambako mtu na mpira wa maji alikilowesha kabla vumbi halijajua liende wapi.

Walianzia katikati ya sakafu, mbali na boriti, wakisimama juu ya boriti zenyewe na mikanda ya kamba viunoni. Mmoja alishika tindo kwa koleo refu la chuma ili mikono yake iwe mbali na pigo. Wawili walipiga kwa zamu, mmoja akipandisha mwingine akishusha, nyundo za kilo saba. Hawakupiga kwa nguvu. Hilo lilinishangaza zaidi ya yote. Nyundo iliinuliwa hadi bega tu, ikaachwa ianguke kwa uzito wake, na mpigaji akaisindikiza kwa magoti. Mapigo kumi na mbili, kumi na tano, hakuna kinachoonekana. Halafu ufa mwembamba kama unywele, halafu sauti inabadilika, na kabla jicho langu halijaona kitu yule mwenye tindo alikuwa amekwisha sogea. Aliisikia. Kipande cha ukubwa wa sinia kikaanguka juu ya kifusi cha chini yake. "Bandu bandu," akasema mmoja, na wa pili, bila kupandisha sauti, "huisha gogo." Walisema hivyo mara mia kwa siku, nadhani ilikuwa namna ya kuhesabu.

Zege lilipotoka, nondo zilibaki zimetandazwa kati ya boriti na boriti kama jarife lililoanikwa, na bahari ikaonekana kupitia matundu yake. Vijana walizikata baadaye, upande mmoja kwanza wakizifunga kamba, kisha upande wa pili. Nondo haikatwi ikiwa bado imebeba, Mzee aliwaambia, kama vile huikati kamba ya mwenzako aliye juu ya mnazi.

Nondo zenyewe ziliwashangaza. Wao wamezoea hizi za siku hizi zenye mikunjo. Za pale nyingi zilikuwa laini na za mviringo, na kwenye boriti kubwa zilikuwa za mraba, zimesokotwa kama kamba ya katani ili zege lizikamate. Kijana wa tofali za matundu alijiwekea kipande cha urefu wa mkono. Sijui atakifanyia nini, wala yeye.

Boriti zilifuata. Neno hili tumelirithi kutoka kwenye mikoko. Mababu waliojenga nyumba za mawe za mwambao huu walilaza boriti za mkoko ukutani, wakamwaga juu yake mawe na chokaa, na upana wa chumba ukawa ule ambao mti ungeweza kuufikia, mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Saruji na nondo zilipokuja chumba kikapanuka, neno likabaki. Mzee alizishusha boriti za zege kama mtu angeshusha za mkoko: zilifungwa kamba pande mbili, zikakatwa ncha moja, zikateremshwa kwa winchi ya mkono hadi ncha hiyo ikagusa, kisha ya pili. Kila moja ilitua bila kishindo. Yule bibi wa duka, aliyetabiri kwamba soda zake zitaanguka rafuni, aliacha kuzitazama katika wiki ya tatu.

Nguzo ziliachwa za mwisho kwa kila ghorofa, na kabla ya kila nguzo Mzee alifanya jambo ambalo halikuwa na kazi yoyote. Alitoa timazi mfukoni, akaning'iniza uzi kutoka juu ya nguzo, akangoja uache kuyumba, akapima kwa vidole umbali wa uzi juu na chini. Alifanya hivyo kwa nguzo zote kumi na nane za ghorofa ya kwanza. Nguzo moja ilikwenda nje kwa unene wa kidole. Nyingine zote zilikuwa wima kama siku zilipomwagwa. Nilipomuuliza anapimia nini kitu anachokwenda kukiangusha, alikunja uzi. "Nataka nijue nilikuwa nashughulika na nani."

Kisha mguu wa nguzo ukavuliwa zege pande zote hadi nondo zikabaki uchi kwa urefu wa shibiri. Kamba ilifungwa juu, ikavutwa kuelekea ndani, kamwe si kuelekea msikitini. Nondo za upande wa nje, zile ambazo zingekataa nguzo kulala, zilikatwa kwa gesi. Za upande wa ndani ziliachwa, zikawa bawaba. Chini kulitandazwa kifusi laini na matairi mabovu ya malori. Watu kumi na mmoja wakashika kamba, Mzee akainua mkono, na kwa mara ya kwanza tangu niende pale nikasikia sauti kubwa: "Haraaambee!" Nguzo ikasita, ikainama kwa adabu, ikalala palepale alipochora chaki. Ndani ya msikiti, walisema, maji kwenye ndoo ya udhu hayakutikisika. Hilo sikuliona mwenyewe.

Ngazi zilishushwa mwisho kabisa, kwa sababu ya wazi kwamba ndizo walizopandia.

Jengo halikuishia pale lilipotoweka. Uani palikuwa na kazi nyingine, ya polepole kuliko yote. Akina mama sita waliketi juu ya viroba chini ya turubai, wakapasua kifusi kuwa kokoto, kila mmoja na pete ya mpira ya kushikia jiwe, ili nyundo isile vidole. Kokoto zile hazifai kwa nguzo, lakini zafaa chini ya sakafu na kwenye barabara za mtaa. Wazee wawili walinyoosha nondo kwenye gogo lenye misumari mikubwa, wakizipitisha kwa kuzipindua kidogo kidogo, mzunguko baada ya mzunguko. Wanunuzi walikuja wakitaka kuzitia kwenye nguzo za nyumba zao. Mzee aliwakatalia wazi, akapoteza fedha mbele ya macho yangu. Chuma kilichopinda na kunyooshwa kimechoka, alisema, kifungieni uzio. Mmoja alinunua kwingine, kwa hasira.

Katika mjadala wa kama jengo lile lilistahili kushushwa, mimi bado sijaamua. Soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli liliungua Julai 2021, nalo likakarabatiwa, na miavuli yake ya zege imebaki juu ya jiji. La kwetu halikuchorwa na mtu anayekumbukwa, na upande wake wa baharini ulikuwa umeoza kweli. Ile miduara ya chaki niliiona kwa macho yangu. Lakini najua kwamba halikuondoka bila kusomwa ukurasa kwa ukurasa, na sina hakika kama jipya litapata msomaji wa namna hiyo likifika zamu yake.

Kiwanja kilikabidhiwa kikiwa tambarare, kimefagiliwa. Aliyeumia ni mmoja, kijana aliyekatwa kiganja na bati la uzio, akashonwa nyuzi tatu. Mchoro wa kitega uchumi umebandikwa barabarani. Mzee nilimpigia simu juzi. Yuko mji wa pili, kwenye ghala la zamani la mkonge, siku ya nne sasa, na vijana bado wamekaa kivulini. Yuko kwenye chaki.